Sindano ya Kupandisha Tansio

Umekwisha kumwona mtu aliyevuta nyavu ziwani jana, na leo amelala hana nguvu, macho yameingia ndani, mikono baridi kama samaki? Baraka na katika vijiji vya kando ya Tanganyika watu wanalijua jambo hili. Kipindupindu, yaani kolera, hurudi mara kwa mara. Ndipo watu wa nyumba husema: «Tansio imeshuka. Tumtafutie sindano ya kuipandisha.» Mmoja anakimbia famasi. Mwingine anamwita mtu anayetembea na mfuko wa dawa. Saa zinapita.

Tunataka ujue sindano hiyo ni kitu gani, inamsaidia nani, na kwa nini inaweza kumwua mtu ikipigwa nyumbani.

Tansio ni nini?

Moyo wako husukuma damu katika mishipa usiku na mchana. Nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa ndiyo tansio. Mwuguzi akiipima hupata hesabu mbili, kama 120 juu ya 80. Kwa mtu mzima aliye mgonjwa, hesabu ya juu ikishuka chini ya 90 tunaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu damu haifiki vizuri katika ubongo na figo.

Lakini wako watu ambao tansio yao ni ndogo siku zote. Wanalima, wanapanda mlima kwenda Fizi, wanabeba mizigo, wala hawaoni shida. Hao si wagonjwa. Usiwatafutie dawa.

Kwa mgonjwa, tansio hushuka kwa sababu mbalimbali. Maji ya mwili yametoka kwa kuhara na kutapika. Au damu imemwagika, kama kwa mama aliyezaa. Au ugonjwa mkali umeingia katika damu. Au mwili umekataa dawa fulani au sumu ya nyuki. Kila sababu ina dawa yake. Kwa hiyo swali la kwanza la mganga si «Nipige sindano gani?» Swali lake ni «Kwa nini imeshuka?»

Efedrini inasaidia nani?

Moja ya dawa za kupandisha tansio inaitwa efedrini. Zamani ilitolewa katika mmea. Mtaalamu wa Japani, Nagai Nagayoshi, aliitenga mwaka 1885. Huja katika kichupa cha kuvunjwa, mara nyingi chenye miligramu 30.

Tazama kazi yake. Mama ameshindwa kuzaa, ni lazima apasuliwe. Mganga anampiga sindano ya ganzi mgongoni. Miguu inakufa ganzi, na mishipa ya sehemu za chini inalegea. Damu inakaa huko, haurudi ya kutosha moyoni. Mama anasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Mtoto tumboni naye anapata damu kidogo. Hapo wanamwegemeza upande wa kushoto, wanaongeza serumu, na wanatia efedrini kidogo katika mshipa, labda miligramu 3 hadi 6. Hiyo ni sehemu ya kumi au ya tano tu ya kichupa kimoja! Kisha wanapima tansio tena na tena. Kama haitoshi, wanaongeza kidogo. Dawa hii imewasaidia mama wengi na watoto wao.

Basi ona mambo matatu: sababu inajulikana, kipimo ni kidogo, na mtu wa kupima yupo karibu, macho yake kwa mgonjwa.

Kwa nini nyumbani ni hatari?

Fikiri mpira wa kumwagilia bustani. Ukiubana kwa vidole, maji yanaruka mbali. Lakini kama pipa ni tupu, hata ukibana kwa mikono miwili, hakuna kitu kitakachotoka. Dawa hizi hubana mishipa na kuuhimiza moyo. Haziongezi hata tone moja la maji wala la damu. Mtu wa kolera ni pipa tupu. Anayebana mpira anapoteza wakati wa kujaza pipa.

Na pipa hilo linataka maji mengi. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekauka kabisa kwa kolera huhitaji litre 5 za serumu katika mshipa, zote kwa muda wa saa 3. Hiyo ndiyo inayopandisha tansio yake. Watu walioletwa kama maiti wamesimama kesho yake, bila efedrini.

Kipimo kikizidi, tansio huruka juu sana. Kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, na mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Iko na dawa nyingine yenye nguvu zaidi, noradrenalini. Ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua nyama ya mkono. Tena sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine inaweza kuleta SIDA na ugonjwa wa ini.

Ufanye nini?

1. Mtu akihara maji mengi, anza kumnywesha saa ile ile. Tumia unga wa kuchanganya na maji unaotolewa katika kituo cha afya. Kama haupo, chukua litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

2. Mpeleke kituo cha afya au hospitali upesi, kwa pikipiki, kwa mtumbwi, au kwa tipoyi. Usingoje asubuhi. Mnyweshe njiani, ikiwa ana akili na anaweza kumeza.

3. Mama aliyezaa akitokwa damu nyingi, usimtafutie sindano ya tansio. Anahitaji watu wa kuzuia damu, na pengine damu ya kuongezewa. Ndugu zake waende pamoja naye, wawe tayari kutoa.

4. Mgonjwa akiwa baridi, amezimia nusu, mlaze chali, mfunike, asisimamishwe wala kukalishwa. Mama mwenye mimba kubwa alale kwa upande wa kushoto. Anayetapika pia alale kwa upande.

5. Ukifika, mwambie mganga yote. Ana ugonjwa wa moyo? Ana tansio ya juu siku nyingine? Amekunywa vidonge gani? Vidonge vingine vya ugonjwa wa huzuni vikikutana na efedrini huleta hatari kubwa. Taja na dawa za miti. Hakuna atakayekucheka, anayeficha anamfunga mganga mikono.

6. Usinunue kichupa cha sindano sokoni, wala usimlazimishe mwuguzi kupiga. Mwuguzi akisema, «Huyu anahitaji serumu, si sindano,» usidhani anakunyima kitu. Ameona pipa tupu.

Wako wanaosema, «Hospitali ni mbali, na huyu jirani yuko na sindano hapa.» Tunajua barabara zetu, tunajua mto Mutambala unapojaa. Lakini njia ndefu yenye kikombe cha maji ya chumvi na sukari mkononi ni salama kuliko njia fupi ya sindano isiyojulikana. Ombeni, na huku mkiomba, mmoja achemshe maji na mwingine atafute pikipiki.

Fundisha watu wa nyumba yako maneno haya leo, kabla kolera haijabisha mlango: jaza pipa kwanza, nenda upesi, na sindano ya tansio iache mikononi mwa mganga.