Utafiti Bondeni Kilombero: Uongozi wa Kitaaluma na Haki ya Anayechomwa Kidole

Mama anayempeleka mtoto kliniki katika bonde la Kilombero anaweza kukutana na ombi ambalo akina mama wa wilaya nyingine huenda wasilisikie kamwe. Baada ya mtoto kupimwa uzito, mhudumu humweleza kwamba kuna utafiti unaoendelea, humsomea fomu ya ridhaa, kisha humwomba tone la damu ya mtoto. Fomu hiyo hutaja jina la mtafiti mkuu, taasisi yake na chuo kikuu kinachoshirikiana nayo. Mama huyo ana haki ya kujua watu hao ni nani, wanawajibika kwa nani, na damu ya mwanawe itaishia wapi.

Kwa kawaida, utafiti wa tiba hufikiriwa kuwa ni kazi ya vyuo vikuu vya miji mikubwa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Basel nchini Uswisi. Huko ndiko waliko maprofesa, maktaba na kamati za kitaaluma. Hata hivyo, mbu, wagonjwa na mashamba ya mpunga viko bondeni. Historia ya Ifakara ni historia ya namna uongozi wa kitaaluma ulivyojifunza kuvuka umbali huo.

Mwaka 1957, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyeongoza Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, alianzisha maabara ndogo mjini Ifakara, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Miongoni mwa mambo yaliyomvutia ni papasi waishio katika sakafu za udongo, ambao hueneza homa ya papasi. Mwaka 1961 kilifunguliwa pia kituo cha kuwafundisha matabibu wa vijijini. Hivyo utafiti, tiba na mafunzo vilikaa pamoja tangu mapema. Lakini katika miaka ile maswali ya utafiti yalitungwa Basel, na majibu yalirudi Basel.

Wajibu wa kwanza wa kiongozi wa taaluma ni kusema ukweli wa matokeo, hata yasipopendeza. Mfano ulio wazi ni chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Mwaka 1993 ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, kwa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Baadhi walipata chanjo, wengine sindano ya kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionesha kinga ya asilimia 31. Maana yake ni kwamba pale ambapo watoto wasiochanjwa wangeugua mara 100, waliochanjwa wangeugua takribani mara 69. Watafiti hawakuficha kwamba makadirio hayo yalikuwa na upana mkubwa, na mpaka wake wa chini uligusa sifuri.

Chanjo hiyo ilipojaribiwa baadaye kwa watoto wachanga wa Ifakara, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionesha kwamba haikuwakinga. Matumaini ya wengi yalizimika. Hata hivyo, taarifa ile ilikuwa na thamani kubwa: iliwaepusha watoto wengine na sindano isiyo na faida, na iliwaachia watafiti wa bondeni ujuzi wa kuendesha majaribio makubwa. Ujuzi wa namna hiyo ulihitajika sana katika majaribio ya chanjo ya RTS,S, ambapo Dkt. Salim Abdulla na wenzake walishiriki kupitia kituo cha Bagamoyo. Mwezi Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria ya kiwango cha kati hadi cha juu.

Wajibu wa pili ni kuuliza swali linalotokana na maisha ya watu. Wakulima wengi wa Kilombero huhamia mashambani msimu wa mpunga na kulala katika vibanda vilivyo wazi kwa mbu. Dawa bora hospitalini haiwasaidii usiku huo. Mwaka 1997 ulianza mradi wa kusambaza vyandarua vyenye viuatilifu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikiuzwa kwa bei nafuu kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba vyandarua hivyo vilihusiana na kuimarika kwa uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Uzoefu huo ulichangia mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004 kuwawezesha wajawazito kununua vyandarua kwa gharama ndogo. Safari hii jibu lilibaki nchini na kugeuka kuwa sera.

Wajibu wa tatu ni kukabidhi madaraka. Katika miaka ya 1980 maabara ya Ifakara iliongozwa kwa kipindi na Marcel Tanner, ambaye baadaye aliiongoza taasisi mama ya Basel. Katika miaka ya 1990 uongozi ulipita mikononi mwa Watanzania: Dkt. Andrew Kitua, aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kisha Dkt. Hassan Mshinda, aliyekuja kuiongoza Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Na baada yao Dkt. Salim Abdulla na Dkt. Honorati Masanja. Mwaka 1996 kituo kilisajiliwa kama asasi ya Kitanzania, na mwaka 2008 kikachukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Ushirikiano na Basel haukukatika. Uligeuka kutoka uhusiano wa bwana na msaidizi kuwa wa wabia.

Makabidhiano hayo yana maana kwa mgonjwa. Kiongozi aliye karibu anaweza kuulizwa ana kwa ana. Mkutano wa kijiji unaweza kumtaka aeleze damu ilikokwenda, na mhudumu wa zahanati anaweza kumpigia simu mtoto akipata homa baada ya sindano.

Kwa mhudumu wa afya, jambo kuu ni kutenganisha tiba na utafiti. Mgonjwa anayekukubali kwa sababu anakuheshimu bado hajaridhia utafiti. Mweleze kwa lugha anayoielewa, mpe muda wa kushauriana na familia yake, na umwombe arudie kwa maneno yake alichoelewa. Iwapo hawezi kurudia, bado hujamaliza kueleza.

Kwa mgonjwa au mzazi, maswali matano yanatosha. Utafiti huu unatafuta nini? Kuna madhara gani yanayoweza kutokea? Kamati gani ya maadili imeupa kibali? Nikipata tatizo nimwone nani? Matokeo nitayasikia lini na wapi? Aidha, ushiriki ni hiari. Anayekataa, au anayejitoa katikati, hapotezi haki yake ya kutibiwa kama wengine.

Vyeo, machapisho na tuzo ni sehemu ya maisha ya chuo kikuu, na Ifakara imevipata. Lakini kipimo cha uongozi wa taaluma kiko pia Idete na katika vijiji vingine vya bonde hilo. Mama aliyekubali mwanawe achomwe kidole anastahili kuelezwa kilichopatikana, na anastahili kuelezwa vivyo hivyo pale ambapo hakikupatikana kitu.