Muscat: Roboti nayo ina msimu wake

Mabaharia wa Muscat waliokuwa wakienda Unguja walijua kuwa kaskazi haimsubiri aliyechelewa kukalafati jahazi. Wanafunzi wanaotaka kuunda roboti nao hukabiliwa na sharti hilo hilo.

Katika mashindano ya FIRST, yaliyoanza Marekani mwaka 1992, mchezo mpya hutangazwa kila Januari. Hadi mwaka 2019 timu zilipewa majuma sita tu ya kujenga. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2020, lakini siku ya shindano haisogei.

Je, mpango uanzie wapi?

Kwanza ni kusoma kanuni, kuhesabu pointi na kuchagua kazi chache. Kisha magurudumu, mota na betri viunganishwe mapema, ili waandishi wa programu wapate cha kujaribia. Mkono wa roboti hufuata. Majuma mawili ya mwisho ni ya mazoezi na matengenezo, si ya kubuni.

Kalenda izingatie pia vipuri vinavyoagizwa ng'ambo, na mfungo: mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi.

Roboti sahili inayotembea hupata pointi. Ya ajabu isiyokamilika haipati hata moja.