Samani Dodoma: Mchoro Kwanza, Msumeno Baadaye

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, uamuzi uliokuwa umepitishwa na TANU tangu 1973, soko la samani mjini humo lilipata sura mpya. Ofisi zinataka meza, nyumba zinataka makabati. Je, nani atazibuni?

Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha shahada ya sanaa na ubunifu, na VETA inafundisha useremala. Lakini gharama huonekana karakanani. Fundi anayekata mninga bila mchoro hugundua kosa ubao ukishaisha. Mwanafunzi wa ubunifu huchora kiti kwa mbele, ubavuni na juu, kisha hukiunda kidogo kwa boksi kuukuu. Boksi likiharibika, hasara ni ya gundi tu.

Hali ya hewa nayo haina huruma. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mbao za paini kutoka Sao Hill, Mufindi, zikiletwa mbichi husinyaa na maungio huachia. Seremala wa mtaani, hata asiye na cheti, analijua hilo vizuri. Kinachomkosesha zabuni mara nyingi ni karatasi: mchoro wenye vipimo, na bei iliyokokotolewa kutokana nao.