Nani alaumiwe? Kisa cha Adamu na Hawa katika ushairi wa Afrika Mashariki

KATIKA eneo la Ukambani, kisa cha mwanzo wa binadamu kina masimulizi mawili. Waumini wengi wa Machakos hukisoma katika kitabu cha Mwanzo. Wazee nao walisimulia kwamba Mulungu aliwatoa watu wa kwanza katika mwamba wa Nzaui, ulioko leo Kaunti ya Makueni, sehemu iliyomegwa kutoka Wilaya ya Machakos mwaka wa 1992. Papo hapo Nzaui ndipo Peter Cameron Scott na wenzake walipofungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission mwaka wa 1895.

Masimulizi hayo yanatofautiana hasa kuhusu anayebeba lawama. Katika Mwanzo, mwanamume anamlaumu mwanamke, mwanamke anamlaumu nyoka, na wote wanaadhibiwa. Katika masimulizi ya Wakamba, kinyonga alitumwa kupeleka habari za uzima, akajikokota na kugugumia, na ndege akamwahi kwa kutangaza mauti. Hapo binadamu hana hatia.

Washairi wa kisasa wamelirejelea suala hilo kila mmoja kwa njia yake. Mwaka wa 1971, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alichapishiwa Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, akiwa kifungoni kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Utenzi huo unatokana na mapokeo ya Kiislamu. Katika mapokeo hayo, mume na mke hukosa pamoja, hutubu pamoja na kusamehewa. Mke hatwikwi mzigo peke yake.

Naye Okot p'Bitek wa Uganda, katika Song of Lawino (1966), kazi ambayo Paul Sozigwa aliitafsiri kwa Kiswahili, hakusimulia kisa upya bali alikihoji. Lawino, mke wa kijijini, anataka kuelezwa Muumba alichimba wapi udongo wa kufinyangia vitu vyote. Hapati jibu, mumewe msomi humdharau kwa kuuliza. Kwa njia hiyo, Okot anaonyesha kwamba imani iliyoletwa bila kufafanuliwa huwaacha wasikilizaji wake gizani.

Hata hivyo, kumwondolea binadamu lawama kuna gharama yake. Marehemu Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alibainisha katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba visasili vya Kiafrika hueleza jinsi uzima ulivyopotea, lakini havionyeshi njia ya kuurejesha. Kinyonga akishachelewa, amechelewa. Anayekiri kosa, kwa upande mwingine, anaweza kuomba msamaha.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa fasihi mjini Machakos akikutana na utenzi usiolingana na aliyoyasikia kanisani, asikimbilie kusema kuwa mshairi amekosea. Aulize kwanza: katika kisa hiki nani amelaumiwa, na je, ameachiwa mlango wa kurudi?