Jumla ya Data Ipitayo katika Swichi

Tangu nyaya za TEAMS na SEACOM ziwasili Mombasa mwaka 2009, na faiba ikaendelea kuvutwa bara hata ikafika Bungoma na Kitale, shule na hospitali za huko zimepata intaneti ya kasi. Lakini aghalabu mwenye kuilipia hajui imetumika kiasi gani, huambiwa laini imejaa, naye kwa kukosa hoja hununua kasi maradufu. Jambo hili lanisikitisha, maana ushahidi umo ndani ya swichi yake mwenyewe, kile kifaa kiunganishacho kompyuta zake.

Kila poti ina mita mbili, ya baiti ziingiazo na ya zitokazo, ambazo kompyuta iliyopewa idhini huzisoma kwa itifaki ya SNMP, iliyotangazwa mwaka 1988: kila baada ya dakika 5 hutoa hisabu ya awali katika hisabu mpya, ikazidisha kwa 8 na kugawanya kwa sekunde 300, ikapata wastani wa biti kwa sekunde. Ndivyo ifanyavyo MRTG, programu ya bure iliyotolewa mwaka 1995 na Tobias Oetiker, ambaye kazini kwake palikuwa na laini moja tu ya kilobiti 64, na kila mtu akitaka kujua hali yake.

Ghalati huingia katika kujumlisha. Mtu hutwaa poti zote 24, akajumlisha ziingiazo na zitokazo, ilhali kila fremu, yaani furushi la data, huingia kwa poti moja na kutoka kwa nyingine, mithili ya abiria apandaye matatu Kitale na kushuka Bungoma, akaandikwa katika stendi zote mbili. Na fremu ya matangazo kwa wote ni mbaya zaidi, kwani huingia mara moja ikatoka mara 23. Basi zijumlishwe ziingiazo peke yake.

Hata hivyo, huo ni mzigo wa swichi, wala si wa intaneti. Tuseme shule ya bweni ina kamera 8 za ulinzi, kila moja ikipeleka megabiti 4 kwa sekunde kwenye mashine ya kurekodia iliyo papo hapo: kwa siku swichi itabeba takriban gigabaiti 345, pasitoke hata baiti moja nje ya ua. Atakaye kujua anacholipia na aitazame poti iendayo kwenye ruta.

Kadhalika, mita ya biti 32 hurudi sifuri ipitapo baiti 4,294,967,295, na poti ya gigabiti moja iliyojaa huimaliza kwa sekunde 34. Hivyo yafaa kusoma ile ya biti 64, ifHCInOctets. Stima ikipotea pia mita huanza upya, kwa hiyo programu na iulize kwanza sysUpTime, yaani muda tangu swichi iwake, na ikiwa imepungua, usomaji huo utupwe.