Nguo za kulalia shuleni: Barua inayomsumbua mzazi mgeni Marekani

NDUGU yako aliyeko Marekani akikupigia simu usiku kuuliza bei ya kitenge cha mtoto wa miaka saba, tena akitaka kifike kabla ya mwisho wa mwezi, usimcheke. Huenda amepokea barua ya shule.

Barua hizo nazijua kwa sababu kuzisoma ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kwa miaka sita nilikuwa mkalimani wa Kiswahili katika shule za msingi za umma jimboni Kentucky, nikihudumia familia zilizohamishiwa huko kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali na nyinginezo. Wengi walikuwa Wakongo wa Kivu zote mbili. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa, lakini watoto waliokwishafika wako madarasani, na barua zinaendelea kurudi nao nyumbani ndani ya mabegi.

Hazidai ada, maana shule ya umma kule haina ada. Hazidai sare pia, kwa kuwa shule nyingi za msingi za umma hazina sare na mtoto huvaa anachotaka. Ni barua za siku za kuvaa mavazi ya pekee kwa ajili ya sikukuu. Tarehe 31 Oktoba ni Halloween, watoto huvaa kama wanyama, wazimamoto, malkia au mizimu. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi kila siku ina vazi lake: leo sweta lenye picha za kuchekesha, kesho kofia, keshokutwa nguo za kulalia. Mwishoni mwa Januari au Februari inafika siku ya 100 ya masomo, na mtoto hutakiwa kuja amevaa kama mzee wa miaka 100. Februari 14 ni nyekundu, siku ya wapendanao. Machi 2 shule nyingi zilizoea kuvaa kofia ndefu ya mistari myekundu na myeupe kumkumbuka mwandishi wa vitabu vya watoto, Dr. Seuss. Machi 17 ni kijani kwa ajili ya Mtakatifu Patrick wa Ireland, na hapo ole wake asiye na kijani, maana mchezo wenyewe ni kumfinya. Nimemwona mtoto wa darasa la kwanza akilia kwa kufinywa na marafiki zake, naye hajui kosa lake.

Iliyowashangaza wazazi wetu kuliko zote ni siku ya nguo za kulalia. Mama mmoja kutoka Fizi alinisimamisha mlangoni pa shule, karatasi mkononi.

"Kaka, hebu nisomee vizuri. Mwanangu amekosa nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu, mwalimu anaomba Ijumaa aje amevaa nguo za kulalia.

"Atoke nyumbani na nguo za kulalia kama mgonjwa? Watu watasema hana mama."

Nilimweleza kwamba watoto wangetazama The Polar Express, filamu ya mwaka 2004 iliyotokana na kitabu cha Chris Van Allsburg cha mwaka 1985, ambamo watoto wanapanda treni usiku wa mkesha wa Krismasi wakiwa wamevaa hivyo hivyo. Alicheka. Kisha akanyamaza, akasema jambo ambalo barua haikulifikiria: mwanawe hakuwa na nguo za kulalia. Alilala na fulana kuukuu ya baba yake. Kwa hiyo shule ilipodhani inaomba kitu ambacho kila nyumba inacho, ilikuwa inamwambia mama huyu anunue. Tena kinachotakiwa siku hiyo si nguo ya kulalia yoyote. Ni ile inayofaa kuonwa na watu.

Msomaji atauliza, mbona Krismasi yenyewe haitajwi? Barua nyingi husema "sikukuu za majira ya baridi". Sababu ni sheria. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1962 kwamba shule za umma zisiendeshe sala, na mwaka 1963 ikakataza usomaji wa Biblia kama ibada shuleni. Shule inaweza kufundisha habari za dini, lakini haiwezi kuhubiri. Basi hori la Betlehemu likatoka, theluji na sweta vikabaki. Wazazi wetu walokole waliona ajabu: sikukuu imeondolewa mwenyewe, nguo zake zimeachwa.

Chini ya kila barua huandikwa kwamba kushiriki ni hiari, na jambo hilo ni kweli. Tangu mwaka 1943 mahakama hiyo hiyo ilikwisha kusema, katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuisalimu bendera, kwamba mtoto hawezi kulazimishwa kukiri asichokiamini. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Halloween wala Krismasi, na walimu niliofanya nao kazi waliheshimu hilo bila mabishano. Mtoto alipelekwa maktaba, au mzazi akamchukua mapema. Lakini mtoto wa miaka sita hasomi hukumu za mahakama. Anachokiona ni kwamba wenzake 20 wamevaa, yeye hakuvaa. Aliyekatazwa na dini ya nyumbani kwao angalau ana la kujibu akiulizwa. Aliyekosa kwa sababu barua haikusomwa, au kwa sababu fedha zimekwenda kwenye kodi ya nyumba, hana.

Halloween ilikuwa na uzito wake. Mwezi Oktoba korido za shule hupambwa kwa maboga, buibui na mifupa ya plastiki. Shule nyingi zina kanuni: hakuna silaha za bandia, hakuna damu, hakuna kinyago kinachofunika uso. Mifupa haimo katika kanuni hizo. Baba mmoja wa Masisi alikuja kwa ajili ya ripoti ya mwanawe, akasimama chini ya mafuvu yaliyoning'inizwa mlangoni pa darasa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mwalimu anajua fuvu ni kitu gani. Nilimtafsiria mwalimu neno kwa neno, ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya. Mwalimu hakujitetea. Siku ya pili mafuvu ya darasa lile hayakuwepo, maboga yakabaki. Na mzee yule, ambaye nilidhani atamzuia mwanawe, alimruhusu aende amevaa kofia ya zimamoto iliyotengenezwa kwa karatasi nyekundu.

Siku ya 100 nayo ilileta kisa katika nyumba moja niliyoizoea. Kijana alijipaka unga kichwani, akachukua fimbo ya bibi yake na kuanza kutembea ameinama. Bibi akakasirika, akadhani anachekwa. Ilibidi nieleze kwa simu kwamba ni hesabu za shule, watoto wanajifunza kuhesabu hadi 100. Bibi akasema kama mwalimu anataka kuona mzee, aje amwite yeye.

Zipo shule zilizochoka na mambo haya. Mwaka 2021 shule moja ya msingi mjini Seattle ilifuta maandamano yake ya mavazi ya Halloween, ikisema kuna watoto wanaoachwa nje. Mwaka 2023 wilaya ya shule ya South Orange-Maplewood, jimboni New Jersey, ilifanya hivyo hivyo, hata gavana wa jimbo, Phil Murphy, akapinga hadharani. Mimi siungi mkono kufuta. Nimeona mtoto aliyekaa miezi miwili bila kusema neno la Kiingereza akipata rafiki wa kwanza kwa sababu wote wawili walivaa mkia wa chui. Kilichohitajika ni barua kufika wiki mbili mapema, isomwe na mtu anayejua Kiswahili, na darasani kuwe na sanduku la nguo za akiba ambalo mtoto yeyote anaweza kuchukua bila kuulizwa. Shule iliyokuwa na sanduku hilo haikupata simu zangu za malalamiko.

Nasema mtu anayejua Kiswahili kwa makusudi. Shule moja ilitegemea mashine kutafsiri, na siku ya kuchezea mitindo ya nywele ikawafikia wazazi kama "siku ya nywele za wazimu". Familia tatu hazikuleta watoto.

Turudi kwenye kitenge. Shule nyingi huwa pia na siku ya mataifa, na hapo wazazi wetu hawahitaji kufundishwa na mtu. Ila mama yule wa Fizi alikataa kuiweka siku hiyo kapu moja na nyingine. Aliniambia, "Hii ni nguo yangu ya kanisani. Usimwambie mwalimu ni vazi la mchezo." Nikamwambia mwalimu hivyo. Kwenu wafanyabiashara wa mpakani nasema: wateja wapo, na wanachotaka ni nguo ya mtoto iliyokwisha kushonwa, kwa kuwa fundi wa kushona kule ni ghali. Msingoje barua. Siku ya mataifa mara nyingi huwa majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei, na mzigo wa ndege una foleni zake.

Sisi tuliorejea nasi hatujaachwa. Baadhi ya shule binafsi za Kampala zimeanza kuwataka wazazi walete mavazi ya siku hii na ile, juu ya sare waliyokwisha kuilipia. Mzazi aliyetoka nje anaulizwa yeye kwanza, ati ana uzoefu. Ninayemjua mimi hujibu kwa swali: sanduku la akiba liko wapi?

Wakati huo huo nguo zenyewe zinatufuata. Shirikisho la wauzaji wa rejareja la Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wananchi wangetumia dola bilioni 12.2 kwa Halloween. Mavazi mengi huvaliwa mara moja, hutolewa sadaka, na baadhi huingia kwenye marobota ya mitumba. Rwanda yanapita kwa shida tangu ilipopandisha ushuru mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, hatua iliyoifanya Marekani, Julai 2018, kuziondolea nguo za Rwanda nafuu ya AGOA. Uganda bado yanafunguliwa.

Mpondwe nilimkuta mwenye kibanda akichambua robota la watoto. Alikuwa na chui wawili, nyuki mmoja na suruali-fulana nyeusi yenye mifupa meupe iliyochorwa. Nikamuuliza huwauzia nani. Akasema watu wa milimani, kule Rwenzori, huzinunua ziwe nguo za kulalia, kwa sababu zina mikono mirefu na mtoto hapati baridi. Chui huenda haraka. Ile ya mifupa ameipunguza bei mara mbili, na wateja wa ng'ambo ya mto, upande wa Kasindi, wakiigusa huirudisha.