Je, Wajua? Askari wa Kibera na Deni la Ardhi

Je, wajua kwamba kuanzia 1135 hadi 1153 Waingereza walipigana wenyewe kwa wenyewe, Mfalme Stephen na binamu yake Matilda wakigombea taji? Naiti, askari wa farasi mwenye deraya, alimpigania bwana wake, na ujira wake ulikuwa ardhi.

Wajua kwamba mwaka 1152 mtoto William Marshal aliwekwa rehani wakati ngome ya Newbury ilipozingirwa? Baba yake alivunja ahadi ya kuisalimisha ngome, lakini Stephen akakataa kumnyonga mtoto. William akakua, akawa naiti mashuhuri, na 1216 akashika utawala kwa niaba ya Henry III aliyekuwa bado mtoto.

Wajua kwamba Kibera, mtaa wa Nairobi, nayo ilizaliwa na ujira wa askari? Wanubi wa Makina, kijiji cha Kibera, ni wajukuu wa wanajeshi wa jeshi la Misri waliokuwa kusini mwa Sudan chini ya gavana Emin Pasha. Vita vya Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan aliyeasi utawala wa Misri, vilivyoanza 1881, viliwafungia njia. Khartoum ikaanguka Januari 1885.

Wajua kwamba 1891 ofisa Mwingereza Frederick Lugard aliwakuta kwa chifu Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya kamanda wao Selim Bey, akawaandika jeshini? Walihama na wake zao, watoto na wafuasi wao.

Wajua kwamba 1897 baadhi yao waliasi? Mishahara ilikuwa midogo na ilichelewa, na safari hazikwisha. Meja Thruston, kamanda wao Mwingereza, aliuawa katika ngome ya Luba, Busoga.

Wajua kwamba 1902 iliundwa Keya, jeshi la King's African Rifles, na wastaafu wake Wanubi wakapewa mahali pa kukaa na kulima Kibera? Mwaka 1918, baada ya miaka minne ya kupigana na Wajerumani, eneo hilo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi.

Wajua kwamba walichopewa ni pasi, yaani kibali tu, si hati ya kumiliki? Katika miaka ya 1930 Tume ya Carter, iliyochunguza masuala ya ardhi Kenya, iliwahesabu kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Serikali tu. Baadaye mitaa ya Woodley, Ayany na Fort Jesus ikajengwa ndani ya ardhi ile.

Wajua kwamba kule Uingereza mrithi wa naiti alilindwa kwa maandishi tangu 1215? Magna Carta, hati ya haki iliyombana mfalme, iliweka kikomo cha ada yake ya urithi: shilingi 100.

Wajua kwamba deni kwa Wanubi halikuwa la ardhi pekee, na kwamba 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki ya uraia ya watoto wa Kinubi?

Wajua kwamba hati ya ardhi ilipatikana Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipoikabidhi jamii hiyo ekari 288? Hiyo haifiki hata sehemu moja kati ya kumi na nne ya ardhi ya 1918. Anayetumwa vitani kwa ahadi ya ardhi anastahili kuandikiwa ahadi hiyo kabla hajaondoka, ili wajukuu wake wasilazimike kuidai upya.